Alama Tatu Juu ya Kumi

Kwetu Uru, Jumamosi ilianza na majani ya ng'ombe. Kabla hujanawa uso vizuri, bibi alikuwa ameshakupa mundu, na ng'ombe wake aitwaye Malaika, ambaye hakuwa na tabia ya malaika hata kidogo, alikuwa ameshaanza kugonga zizi kwa pembe. Nilikata majani, nikafagia uwanja, nikanywa uji, kisha nikateremka mjini Moshi na baba yangu mdogo, Filemon. Yeye alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Mbuyuni. Mwaka huo, 1993, mimi Winfrida nilikuwa darasa la sita, na Jumamosi zangu zote ziliishia humo.

Kazi yangu ilikuwa kuwashikia wateja kioo na kutunza koti la studio. Koti lilikuwa moja tu, jeusi, na liliwatosha wanaume wote wa mkoa wa Kilimanjaro. Mnene alilivaa bila kulifunga, na mwembamba tulimbana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Nyuma ya mteja lilining'inia pazia lililochorwa ndege ya abiria na mnazi.

Baba mdogo alikuwa na sheria moja. "Hakuna anayepigwa picha kabla hajafunga kifungo cha mwisho," alisema kila siku. Mteja akishafunga, aliambiwa atulie, asicheke, na ikiwezekana asipumue. Ndiyo maana watu wote kwenye ubao wa picha uliokuwa nje ya mlango walionekana kama wanangoja matokeo ya mtihani. Mimi niliona picha hizo zinachosha, na sikuficha.

Mwezi huo baba mdogo hakuwa na raha. Kipaimara cha parokia yetu kilikuwa kinakaribia. Watoto sitini na wawili, mimi nikiwa mmojawapo, tungepigwa picha na mishumaa yetu na wasimamizi wetu, na kamati ya akina mama ilikuwa inatafuta mpiga picha. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Priska, mama mrefu asiyependa mchezo. Pale stendi alikuwapo mpiga picha mwingine, Rogath, mwenye flashi mpya iliyowaka mpaka watoto wachanga wakalia.

"Nikikosa kipaimara hiki, Winfrida, nitafunga studio nirudi kupalilia kahawa," baba mdogo aliniambia. "Na kahawa yenyewe unajua ilivyo siku hizi."

Siku hiyohiyo alinipa kamera yake ya zamani. "Mkanda huu umebaki picha nane. Siwezi kuupeleka Arusha kusafishwa kabla haujaisha. Nenda ukaumalize. Piga mlima, piga maua, piga mnara wa saa."

Mlima ulikuwa umejifunika mawingu tangu alfajiri. Maua sikuyaona. Mnara wa saa ulikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Basi nikaingia sokoni, nikajibanza nyuma ya nguzo, nikaanza kupiga watu ambao hawakuwa na habari kama wanapigwa.

Picha ziliporudi Alhamisi, baba mdogo alinikabidhi bahasha bila hata kuifungua. Kati ya picha nane, tatu zilikuwa za kidole changu. Mbili zilikuwa za migongo ya watu waliokuwa wanaondoka. Lakini tatu zilizobaki zilikuwa moto. Ya kwanza ilikuwa ya mama muuza kuku, mdomo wazi kabisa, kuku mweupe kwapani. Ya pili ilikuwa ya fundi cherehani aliyekodoa macho akitafuta tundu la sindano, pini zimemjaa mdomoni. Ya tatu ilikuwa ya kijana muuza vitunguu aliyelala chali juu ya magunia yake, miguu juu, kofia puani.

Jioni hiyo tulikaa migombani tukikata majani, mimi, binamu yangu Jesse na rafiki yetu Monica. Baba yake Monica alikuwa mwalimu, na Monica alikuwa na kalamu yake nyekundu. Hapo ndipo ilipoanzishwa Kamati ya Picha.

"Tuanze na mama wa kuku," alisema Jesse, akikohoa kama mwalimu mkuu. "Mdomo wazi. Meno tunayahesabu mpaka magego."

"Kuku ametazama kamera vizuri," Monica akasema. "Huyo anajua alichokuja kufanya."

"Basi andika nyuma," nikasema mimi. "Alama tatu juu ya kumi. Kuku amependeza kuliko mwenye kuku."

Monica akaandika kwa mwandiko mzuri kama wa baba yake. Fundi cherehani tulimpa nne: "Pua imefika kabla ya mwenyewe." Muuza vitunguu alipata mbili: "Mwenye mali amelala, vitunguu viko macho." Tulicheka mpaka tukasahau majani, na Malaika akalala na njaa. Kusema kweli, nilijiona nina akili kuliko watu wote wa Uru.

Jumamosi iliyofuata baba mdogo alivaa shati jipya. "Kamati ya kipaimara inapita hapa saa nne," alisema. "Napeleka kamera kwa fundi mara moja. Wewe upange ubao upendeze."

Upendeze! Nikaona hilo ni jambo langu. Niliwatoa wale watu wa kungoja matokeo wote waliokuwa katikati, nikabandika picha zangu tatu kwa pini. Mama wa kuku nilimweka juu kabisa.

Dakika kumi hazikupita, watu walikuwa wamejaa mlangoni. Kijana wa mkokoteni alicheka mpaka akakaa chini. "Aisee, mtazame fundi Antoni! Anameza pini!" Mwingine akasema, "Na huyu wa vitunguu amekufa au?" Mimi nikasimama kando ya ubao na kijiti, nikawaeleza nani kapata alama ngapi na kwa nini. Walicheka zaidi, na mimi nikazidisha maneno.

Jambo ambalo sikulifikiria ni hili: kwangu watu wale watatu walikuwa wageni, lakini Mbuyuni pote walijulikana. Habari ilivuka barabara kabla sijamaliza kueleza pua ya fundi.

Umati ukapasuka katikati. Akatokea mama wa kuku mwenyewe, na kuku mwenyewe kwapani.

"Ruwa wangu, Mungu wangu!" alisema, akatazama picha yake kwa muda mrefu. Akaing'oa. Akaigeuza. Akasoma kwa sauti, polepole, neno moja moja: "Alama tatu juu ya kumi. Kuku amependeza kuliko mwenye kuku."

Safari hii hakucheka mtu.

"Mwalimu aliyenisahihisha yuko wapi?" akauliza. "Nataka nimwone."

Nilitamani kuingia ndani ya lile pazia na kupanda ndege. Fundi Antoni naye alikuwa amefika, futi ya kupimia shingoni, anasoma habari za pua yake. Muuza vitunguu alisoma yake akanyamaza, akaikunja, akaitia mfukoni. Kunyamaza kwake kuliniumiza kuliko makelele ya wengine.

Na saa ilikuwa nne. Nyuma ya umati niliona kitambaa cha kichwa cha Mama Priska. Baba mdogo alikuwa ametokea upande wa pili, akakutana naye mlangoni kabisa.

"Filemon," alisema Mama Priska, "watoto wetu nao utawapiga hivi? Halafu uwaandikie alama nyuma?"

"Mama, naapa sikujua," baba mdogo akajibu. Akanitazama mara moja tu, akajua.

"Sitaki kuapiwa. Malizana kwanza na watu hawa. Nitapita Jumamosi ijayo. Kama wao hawajaridhika, Rogath yupo."

Wateja wawili waliokuwa wanajichana ndani wakaweka chanuo chini, wakaondoka. Baba mdogo hakunipiga, wala hakunifokea. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, mbele ya ndege na mnazi, mikono magotini, kifungo cha mwisho kimefungwa. Nilitamani anifokee.

Nyumbani, bibi alisikiliza habari yote huku akimenya ndizi. "Kesho baada ya misa unateremka," alisema. "Unachukua isale, unakwenda kuwaangukia. Wiki haipiti."

Isale ni jani refu la kijani. Kwetu Uchagani mtu uliyemkosea, ukimpelekea jani hilo ukiomba msamaha, hana ruhusa ya kukataa. Hata mimi nililijua hilo. Alfajiri nikatoka na kisu. Nilitaka kosa langu lionekane nimelitubia kwa nguvu, kwa hiyo sikukata majani. Niling'oa mashina matatu mazima, marefu mazuri, na mizizi yake.

Nilikuwa nayafuta udongo niliposikia sauti ya jirani yetu, Mzee Wenseslaus, aliyekuwa ameshavaa suti ya misa, akimwita bibi.

"Mama Filemon! Njoo uone! Mpaka umehama!"

Nilikuwa nimesahau kuwa isale ndiyo hupandwa kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo. Mashina yale matatu yalikuwa pale tangu babu yangu na baba yake Wenseslaus walipogombana mpaka mchili, mkuu wa mtaa, akaja kuwaamua. Mimi nilikuwa nimeyatia kapuni.

Basi isale ya kwanza ilitumika palepale, kuomba msamaha kwa sababu ya isale. Mzee Wenseslaus aliipokea kwa mikono miwili, maana hana ruhusa ya kukataa, kisha akaanza kurudisha mpaka. Alipima kwa hatua zake. Bibi alikuja na fimbo, akasema hatua za mzee zimerefuka tangu mwaka jana. Tulipanda, tukang'oa, tukapanda tena. Tulifika kanisani padri ameshamaliza kuhubiri.

Baada ya misa nilikata majani matatu tu, kwa kisu, tena mbali na mpaka. Nikashuka Mbuyuni na gauni langu la Jumapili. Baba mdogo alifuata nyuma na kamera yake begani, kama kawaida yake.

Nilianza kwa fundi Antoni, kwa kuwa alikuwa Mchagga na nilijua jani litafanya kazi. "Shikamoo fundi," nikasema, nikampa. Akalitazama, akalikubali, akarudi kwenye cherehani. Nikaona kumbe jambo lenyewe ni rahisi.

Nikaenda kwa muuza vitunguu. Jina lake lilikuwa Basili. Nilimnyooshea jani.

"Hii ni mboga?" akauliza.

"Hapana, kaka. Ni isale. Ukipewa unasamehe."

"Nani kasema? Mimi mtu wa Singida. Kwetu mtu akinikosea huniambia alichonikosea." Akaligeuza jani huku na huku. "Hili halijaniambia kitu."

Njiani nilikuwa nimeandaa jani tu, maneno sikuandaa. Nilijaribu mara mbili, nikaishia njiani.

"Nilikupiga picha umelala," nikasema mwisho. "Sikukuuliza. Nikakuandikia alama mbili. Halafu nikawaita watu wakucheke."

Nilipoyasema hivyo, kwa mdomo wangu, mbele ya uso wake, niliyasikia kwa mara ya kwanza. Machozi yakanitoka.

Basili alivuta gunia akanikalisha. "Siku ile nilikuwa nimetoka Singida na lori," alisema. "Siku mbili sijalala, nalinda mzigo. Nikasema nijinyooshe dakika tano tu. Picha yenyewe siyo mbaya, mdogo wangu. Mama yangu ananiuliza kila siku kama napumzika. Ningependa kumpelekea. Lakini huko nyuma umeandika nini? Kwamba mimi mvivu."

Nikainuka, nikarudi kwa fundi Antoni, nikayasema yote upya, kuanzia mwanzo, pua ikiwemo. Akaacha kushona. "Sasa ndiyo umeomba msamaha," alisema. "Lile jani la mwanzo nilipokea kwa adabu tu."

Akabaki mama wa kuku. Huyu aliitwa Mama Ndelilio, na alikuwa ananingoja mikono kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu wangu."

Nikampa isale, nikasema kila kitu. Alilipokea jani, akalichomeka kwenye kitambaa cha kichwa. "Nimesamehe. Lakini uliuliza kwa nini nilikuwa nimefungua mdomo vile?"

"Hapana, mama."

"Kuna mtu alikuwa anaondoka na kuku wangu mwekundu! Nilikuwa naita mwizi! Ulitaka niite mwizi midomo nimeibana kama bibi harusi?" Sokoni watu wakaanza kucheka, naye akacheka kidogo, akajizuia. "Kusamehe nimesamehe. Sasa zimebaki alama. Shika kuku huyu, nataka nifunge kibanda."

Akanipa kuku mweupe, yuleyule aliyependeza. Sijui nilimshikaje. Alinipiga bawa moja usoni, akaruka, nami nikaruka nyuma yake. Alipita chini ya meza ya fundi, nami nikapita. Akapanda magunia ya Basili, nami nikapanda, gunia likafunguka, vitunguu vikatawanyika, kiatu changu kimoja kikaelekea njia ya stendi. Katikati ya hayo yote nilisikia sauti ya Mama Ndelilio: "Filemon! Piga!" Na kamera ikalia.

Jumamosi iliyofuata wote watatu walikaa studio kwenye benchi la wateja, wamenyooka. Mama Priska alifika saa nne kamili, akapewa kigoda. Baba mdogo akatoa picha iliyorudi kutoka Arusha, na fundi Antoni akatoa kalamu nyekundu aliyoinunua kwa kazi hiyo.

"Tuanze na mavazi," akasema fundi. "Gauni limepanda."

"Mdomo?" akauliza Basili.

"Wazi," Mama Ndelilio akajibu. "Magego mpaka mwisho. Na kiatu kimoja kimesafiri. Andika, fundi: alama mbili juu ya kumi. Kuku amependeza tena."

Mama Priska, asiyependa mchezo, aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika.

Picha ikabandikwa juu kabisa ya ubao, ikakaa mpaka saa saba. Kila aliyepita aliitazama, kisha akanitazama mimi. Masikio yaliniwaka moto. Nilijua ni mzaha, nilijua wamenisamehe, lakini ile mbili iliniuma kweli.

Mama Ndelilio aliona. Akanivuta kando. "Imekuuma?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa unajua unasahihishwa. Mimi sikujua."

Mama Priska akainuka, akawauliza wale watatu kama wamemalizana na nyumba hii. Wakasema wamemalizana. "Basi kipaimara ni chako, Filemon," alisema. "Ila watoto wote wafunge vifungo. Kuanzia na huyu."

Baba mdogo alimshukuru mpaka Mama Priska akachoka kushukuriwa. Walipoondoka wote, aliniita. Nilidhani atanipokonya kamera ile ya zamani, lakini alinipa, na ndani alikuwa ametia mkanda mpya.

"Una jicho, Winfrida," alisema. "Picha ya Basili mimi nisingeweza kuipiga. Lakini sikiliza. Mtu siyo mlima, kwamba utampiga tu hata asipotaka. Ukiweza, muulize kabla. Ukimpiga bila kumuuliza, mwonyeshe yeye kwanza kabla hujawaonyesha wengine. Na ukitaka kumsema aliye kwenye picha, sema maneno ambayo ungeyasema amesimama mbele yako na kuku wake. Kama huwezi kuyasema hivyo, usiyaandike."

Baba mdogo alikuwa ameagiza Arusha nakala nyingine ya picha ya Basili, na kabla jua halijashuka nilimpelekea, nyuma ikiwa nyeupe, akaituma kwa mama yake na lori la Jumatatu.

Picha yangu ya kipaimara bado ninayo. Nimesimama na mshumaa, kifungo cha mwisho kimefungwa, uso wa kungoja matokeo. Nyuma yake baba mdogo ameandika jina langu na tarehe, basi. Ile ya mimi nikimfukuza kuku aliichukua Mama Ndelilio, akaibandika kibandani kwake, na kwa miaka yote niliyosoma Moshi sikuweza kupita Mbuyuni bila kusikia sauti yake juu ya soko zima: "Mwalimu! Umeshafika tatu?"